Kipande cha Kuondoa Marudio

Mimi sina subira na mtu anayeandika kitu kilekile mara mbili. Ndivyo nilivyo, na kwa kazi yangu ya kutengeneza tovuti tabia hiyo imenilisha vizuri. Ukishaiandikia kompyuta mara moja jinsi ya kukagua namba ya simu, ya nini kuandika tena kwa kila mteja? Unayakata maelekezo yako yakawa kipande kidogo, unakipa jina, unakiweka mahali, kesho unakichukua na kukibandika kwenye kazi nyingine. Wenzangu wanaviita funksheni. Mimi naviita vipande, maana ndivyo vilivyo.

Tuna grupu letu kwenye simu, sisi watengeneza tovuti wa mkoa wa Mara. Wengi tuko Musoma, wachache wako Bunda. Humo tunagawana vipande bure, na vyangu ndivyo vilivyokuwa vinatumika kuliko vya mtu yeyote. Nilijua hivyo na nilipenda kujua hivyo. Kimoja kilipokea namba ya simu iliyoandikwa hovyohovyo kikairudisha imenyooka. Kingine kilisafisha majina. Cha tatu, nilichojivunia kuliko vyote, ulikipa orodha ya watu kikakurudishia orodha hiyo bila waliojiandikisha mara mbili. Kililinganisha majina matatu, mwaka wa kuzaliwa na wilaya ya kuzaliwa. Vikifanana vyote, kilimbakiza aliyeandikwa kwanza na kumtupa wa pili. Kazi yote hiyo kwa mistari tisa.

Namba ya simu sikuiweka, na kwa makusudi. Huku kwetu simu moja inaandikisha kijiji kizima. Mhudumu wa afya wa Rukuba anaandika wagonjwa wa kisiwa chote kwa simu yake mwenyewe, kwa hiyo ukilinganisha simu utabaki na mtu mmoja kisiwani. Tarehe ya kuzaliwa nayo nikaiacha, nikachukua mwaka peke yake, kwa sababu wazee wengi tarehe hawaijui. Yote hayo niliyawaza nikajiona nina akili sana. Juu ya kila kipande nikaandika maneno mawili: Tumia, usiguse.

Mwenzangu mmoja wa Bunda, tuliyesoma naye chuo, aliwahi kuniuliza humo kwenye grupu, "Dada, na wale wenye majina sawa kabisa itakuwaje?"

Nikamjibu mbele za watu, "Kwani huko Bunda mnazaliwa kwa fotokopi?"

Watu wakacheka mpaka wakatuma zile sura zinazolia machozi. Yeye akaandika "haya".

Basi mwaka jana madaktari bingwa wa macho wakaja Bunda kwa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye hospitali moja pale mjini. Huyo mwenzangu ndiye aliyepewa kazi ya ukurasa wa kuandikisha wagonjwa. Alipewa siku mbili tu. Akafanya ambacho yeyote kati yetu angefanya: akabandika vipande vyangu, akakimbia. Kisha akanipigia, "Dada, jiandikishe kama mgonjwa wa kawaida, uone mambo yanakwendaje." Nikajiandikisha kwa majina yangu halisi, nikawa kati ya wa kwanza kabisa. Jumatatu nikaenda Bunda. Mfumo ulikwenda kama maji. Nikapimwa, nikaambiwa macho yamechoshwa na kompyuta, nikapewa miwani. Nikarudi Musoma nimeivaa, najitazama kwenye vioo vya maduka.

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi nilikuwa chumbani kwangu nafanya kazi. Simu ikaita, namba siijui.

"Wa Juu," sauti ikasema. "Ni mimi."

Nilisimama bila kujua nimesimama. Hakuna mtu nje ya nyumbani kwetu anayeniita Wa Juu.

Hapa lazima nieleze. Mimi nimezaliwa Butiama, kwenye kitongoji cha Mwitongo. Baba alikuwa na wake wawili. Mwaka ambao bibi mzaa baba alifariki, wake wote wawili walikuwa wajawazito, na kwetu jina la marehemu halilali. Mama mdogo alijifungua kwanza, mtoto wa kike, akapewa jina la bibi. Miezi mitatu baadaye mama yangu akajifungua, mtoto wa kike, naye akapewa jina la bibi. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Kwa hiyo jina la kwanza moja, jina la baba moja, jina la babu moja, mwaka mmoja, wilaya moja. Nyumba ya mama yangu ilikuwa upande wa juu wa boma, ya mama mdogo upande wa chini, basi mimi nikawa Wa Juu, yeye Wa Chini. Yeye ni dada yangu.

Ndiyo. Mimi ndiye niliyeuliza kama watu wa Bunda wanazaliwa kwa fotokopi.

"Dada, uko wapi?" nikamuuliza.

"Bunda, hospitali. Nimeazima simu ya mtu. Wananiambia nimeshatibiwa."

"Umetibiwa lini?"

"Eti Jumatatu nilipewa miwani. Mimi miwani ya nini? Jicho moja limeshakufa, hili lingine naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nimewauliza, huyo aliyepewa miwani alikuwaje? Hawakumbuki. Nikajua ni wewe."

Miwani ilikuwa puani kwangu. Niliivua nikaitia mkobani.

Dada yangu ana presha ya macho. Ule ugonjwa hauumi na haurudishi ulichokula. Jicho la kushoto lilikwenda kabla hajajua kama anaumwa. La kulia lilikuwa linafuata, na daktari aliyempima nyumbani alimwambia wazi kwamba bila upasuaji hatavuka mwaka anaona. Akamwandikia barua ya kwenda Bunda. Madaktari walikuwa wanaondoka kesho yake, na orodha ya upasuaji wa mwisho ilikuwa inafungwa siku hiyo hiyo, saa saba mchana.

"Usitoke hapo," nikamwambia. "Nakuja."

"Nitoke niende wapi?" akasema, akakata.

Nilimpigia mwenzangu wa Bunda mara tatu, hapokei. Nikashuka stendi karibu nikimbie. Gari dogo la Bunda lilikuwa halijajaa na dereva amekaa anakula miwa, hana habari. Nikamwambia nalipia viti vilivyobaki, atoe gari. Alinitazama kama mwendawazimu, lakini akatupa miwa akawasha.

Tulipofika Makutano mwenzangu akapiga. Nikaanza kumfokea kabla hajasalimia.

"Dada yangu yuko hapo hospitali, mmemfuta! Rudisha orodha ya kwanza kabisa, kabla haijasafishwa."

"Ipi, dada? Kipande chako kinatoa orodha mpya. Nikaihifadhi juu ya ile ya zamani. Ya zamani haipo."

"Sasa ndiyo nini hicho? Unahifadhije juu ya data ya watu?"

"Uliandika tumia, usiguse. Nikatumia, sikugusa."

"Basi mwandike upya sasa hivi."

"Nimeshamwandika mara mbili tangu asubuhi, alivyoanza kulalamika. Nikibonyeza kuhifadhi tu, anatoka. Kipande chako kinamwona ni wewe, na wewe umeshahudumiwa. Kinamtupa."

Nje mashamba ya pamba yanapita, abiria wote masikio kwangu.

"Kiondoe," nikasema, taratibu sasa.

"Nesi mkuu amenikataza kugusa mfumo mpaka orodha ya kesho itoke. Juzi watu walikuwa wanapenyeza ndugu zao, amekasirika, hataki kusikia habari ya ndugu ya mtu." Akavuta pumzi. "Dada, mimi niliuliza."

Aisee, hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

"Niambie nifanye nini," nikasema.

"Njoo na kitambulisho. Msimame wawili mbele yake. Sioni njia nyingine."

Niliingia getini saa sita na nusu. Dada alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kanga mbili, barua ya daktari ameikunja mkononi imelowa jasho. Nilipomsalimia hakunitafuta kwa macho kama watu wanavyofanya. Aligeuza kichwa chote, polepole, mpaka akanipata katikati ya kile kidirisha kilichobaki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefika."

Basi. Hatukuwa watu wa maneno mengi, mimi na yeye, tangu tuko wadogo. Nilimshika mkono, akaniachia mkono ule kama mtu anayemwachia nesi.

Nesi mkuu alikuwa mama wa makamo, amechoka, mbele yake karatasi na kompyuta. Alipomwona dada akaweka kalamu chini.

"Mama, si tumeshaongea? Mfumo unaonyesha umehudumiwa. Kuna watu wanasubiri hapa."

"Shikamoo, sista," nikasema. "Aliyehudumiwa ni mimi."

"Na wewe ni nani?"

Nikaweka kitambulisho changu cha taifa mezani. Akasoma. Akasoma barua ya dada. Akarudi kwenye kitambulisho.

"Mnanichezea."

"Hapana, sista."

"Majina matatu yote sawa? Mwaka sawa? Mmeazimana kitambulisho hapa, msinifanye mtoto."

"Baba mmoja, mama mbalimbali," dada akasema. "Bibi alifariki mwaka huo. Ungekuwa mtu wa huku usingeshangaa."

Nilimkanyaga mguu. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano, na mlangoni mtu wa chumba cha upasuaji alikuwa amesimama anaisubiri ile karatasi.

"Kitambulisho chako kiko wapi?" nesi akamuuliza.

"Kadi haijatoka mpaka leo. Namba ninayo, mtendaji wa kijiji alininakilia nyuma ya barua."

Nesi akageuza barua. Akaweka kidole kwenye namba ile, kidole kingine kwenye namba yangu, akawa anasoma kwa midomo. Namba ya taifa inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Mwaka ni mmoja, lakini mwezi wa dada haukuwa wangu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, miezi mitatu, ione hiyo miezi mitatu.

"Nani alipewa miwani?"

"Mimi." Nikaitoa kwenye mkoba nikaiweka juu ya kitambulisho.

"Na huu mfumo mjinga nani katengeneza?"

Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni ya mlango, ameinamisha kichwa. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

"Mfumo ni wa huyu kaka," nikasema, "ila sehemu iliyomfuta mgonjwa ni yangu, sista. Nimeiandika mimi. Yeye alinionya, nikamcheka."

Nesi alinitazama mimi, akamtazama dada, akarudi kwangu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima.

"Ulimfuta dada yako mwenyewe."

"Ndiyo."

Akachukua kalamu. Chini kabisa ya orodha iliyochapwa akaandika kwa mkono majina yetu matatu, na mbele yake tarehe ya kuzaliwa ya dada, akaipigia mistari miwili. Akampa yule wa mlangoni. "Huyu daktari amwone kwanza leo hii. Akimkubali, kesho ndiye wa mwanzo."

Daktari alimkubali. Alipima akasema angechelewa kidogo tu pasingekuwa na la kuokoa.

Mchana ule mimi na mwenzangu hatukula. Alipiga simu kwa wahudumu wa afya, Guta, Rukuba, kila kijiji, wakawa wanamsomea majina kutoka kwenye madaftari yao, mimi natafuta yupi hayumo. Tukapata mmoja wa ndugu wawili wa Guta, wajukuu wa babu mmoja waliofanana majina yote, na wazee wengine wawili. Bahati wote walihitaji kupimwa na miwani tu, wakaitwa asubuhi. Kisha nikaandika kwenye grupu: kile kipande changu cha kuondoa marudio ni kibovu, kinafuta watu, kitoeni. Nilitegemea watanicheka. Afadhali wangenicheka. Mmoja akaandika ameshakiweka kwenye daftari la wakulima wa pamba. Mwingine, kwenye usajili wa shule. Mwingine alishampa rafiki yake wa mkoa mwingine, naye hajui kilifika wapi. Kitu ulichokigawa bure hukidai tena.

Ijumaa asubuhi wakamwingiza. Nilikaa kwenye benchi lile lile, siwezi kusoma, siwezi kuongea na mtu. Kila mlango ukifunguliwa nasimama. Mama mmoja wa Guta akaniambia, "Kaa mwanangu, kusimama hakumpasui haraka." Nikakaa. Nikaogopa kwa kweli siku ile. Jicho lenyewe ni moja, na mkono wa daktari ukiteleza, dada yangu hataona tena sura ya mtu, na mimi ndiye nitakayejua kwamba karibu asipate hata hiyo nafasi ya kujaribiwa.

Walimtoa jicho limefungwa. Daktari akasema presha imeshuka vizuri. Kilichopotea hakirudi, ila hicho kidogo alichonacho kitabaki naye, mradi atie dawa kila siku bila kuruka. Nikamshukuru mpaka akaona aibu. Nilipogeuka nikalia, na sikujificha.

Wakamlaza wodini. Macho yote mawili gizani sasa, moja kwa ugonjwa, moja kwa bandeji. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda nikafungua kompyuta. Nikaanza kukirekebisha kipande, nikiongea peke yangu kama ninavyofanyaga nikiwa na hasira.

"Unagombana na nani?" akauliza.

"Na kipande changu. Nataka kitu kimoja cha kuwatenganisha watu wanaofanana kila kitu. Jina halitoshi, mwaka hautoshi."

Alivuta shuka mpaka kifuani.

"Shuleni walikuwaga wanatutenganisha kwa namba," akasema. "Ile ya mtihani wa darasa la saba. Wewe ulikuwa kumi na saba, mimi kumi na nane."

Vidole vyangu vilisimama juu ya kompyuta.

Tulifanya mtihani ule pamoja, darasa moja, dawati moja. Matokeo yalipotoka mwalimu alisoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na jina letu akalisoma mara moja tu. Baba hakujua kusoma. Alisema jina ni moja na shule ni moja, ataenda wa mama mkubwa. Siku ile jioni nilikwenda peke yangu ofisi ya walimu, pale orodha ilipobandikwa ukutani. Mbele ya jina kulikuwa na namba. Niliisoma, nikarudi nyumbani, nikapimwa sare. Nimesoma sekondari, nimesoma chuo, nimejifunza kompyuta. Yeye amelima mihogo Mwitongo. Sijamwambia mtu, mume niliyekuwa naye sikumwambia, mama yangu amekufa sijamwambia.

"Dada," nikasema. Nikafunga kompyuta. "Dada. Pale ukutani ilikuwa kumi na nane."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikwenda kuangalia kesho yake."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, dada, mbona hukusema?"

Aligeuza kichwa chote kuelekea nilipo, na bandeji yake, kana kwamba ananiona.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."